Bidoni Moja na Saa ya Mkono: Jinsi ya Kuujua Mwendo wa Maji

Hakuna ugomvi unaowaka upesi kama ugomvi wa maji. Ndugu waliokula pamoja jana hutukanana leo kwa sababu ya ndoo moja. Hadithi tutakayoisimulia hapa si ya kijiji kimoja, bali ni ya vijiji vingi vya milima yetu. Kila msomaji ataweza kuweka ndani yake jina la kijiji chake mwenyewe.

Ugomvi penye robine

Tuwaze basi kijiji chenye mitaa miwili, mtaa wa juu na mtaa wa chini. Maji yatoka katika chemchemi ya mlimani, yaingia katika tangi la saruji lililo karibu na mtaa wa juu, halafu yashuka kwa bomba hata robine ya mtaa wa chini. Watu 900 waishi huko chini. Kwa muda wa miaka mingi bidoni ya litri 20 ilijaa kwa sekunde 40. Lakini tangu masika yaliyopita maji yamelegea. Wasichana waamka kabla ya jogoo kuwika ili wapate nafasi ya mbele, nao wafika shuleni wakati wenzao wamekwisha kufungua vitabu. Kina mama waliochoka kungoja wamerudi kuteka maji ya bonde, yale yaliyo machafu, na watoto wawili wameharisha vibaya.

Ndipo maneno yakaanza. Wengine walisema: “Watu wa juu hutuibia maji usiku.” Wengine walisema: “Halmashauri ya maji imekula fedha zetu.” Mzee mmoja alinong’ona kwamba chemchemi imefanyiwa uchawi. Nao watu wa juu wakajibu kwa hasira: “Tangi limejaa hata linamwagika! Mwatutukana bure.” Vijana wa pande zote mbili wakaanza kuokota mawe.

Siku hiyo mwalimu wa shule alitoka nyumbani kwake na vitu viwili tu: bidoni moja tupu na saa ya mkono.

Kupima ndiko kujua

Mwalimu yule alijua jambo ambalo wengi hulisahau. Mtu asemaye “maji ni mengi” au “maji ni machache” hajasema kitu bado. Yatupasa kuuliza: maji mangapi, na kwa muda gani? Wingi wa maji yapitayo mahali fulani katika muda fulani, huo ndio tuuitao kiasi cha mtiririko. Mafundi wa nchi yetu hukiita debi.

Kukipima si kazi ngumu. Weka bidoni chini ya robine iliyofunguliwa kabisa, tazama saa, hesabu sekunde mpaka ijae. Rudia mara tatu, maana jicho na mkono hukosea, kisha tafuta wastani. Bidoni ya litri 20 ikijaa kwa sekunde 40, gawanya 20 kwa 40: ni nusu litri kwa kila sekunde. Nusu litri yaonekana kitu kidogo, sivyo? Lakini kwa saa moja yafika litri 1,800. Kwa saa 12 za mchana yafika litri 21,600, yaani bidoni 1,080. Kama kila mtu ahitaji bidoni moja kwa siku ya kunywa, kupika na kunawa, watu 900 watapata wote, na ziada itabaki. Haba na haba hujaza kibaba.

Sasa mwalimu alipima robine ya mtaa wa chini: sekunde 80. Debi ilikuwa imepungua nusu. Badala ya bidoni 1,080 zilitoka 540 tu. Basi kila siku watu 360 walikosa bidoni yao, nao ndio waliokwenda bondeni. Mwalimu aliziandika hesabu hizi ubaoni, na watu wakanyamaza. Malalamiko yao yalikuwa ya kweli. Lakini ukweli wa taabu haujawa bado ukweli wa sababu.

Akapanda mlimani kupima chemchemi: sekunde 40, kama zamani. Uchawi ukatoka katika hesabu. Akapima mahali maji yaingiapo tangini: sekunde 41. Bomba la juu halikuwa na kosa. Akatazama tangi: limejaa, na maji yamwagika kando. Ndipo akawaambia watu wa chini: “Ndugu zangu, kama watu wa juu wangaliiba maji usiku, tangi lingalikuwa tupu asubuhi. Tangi limejaa kwa sababu maji hayawezi kutoka. Adui yetu yumo ndani ya bomba, kati ya tangi na robine.”

Mbio si wingi

Kabla ya kumfuata mwalimu bombani, tutazame kwanza mambo yanayoongoza maji popote duniani. Ndipo tutakapofahamu alikuwa akitafuta nini.

La kwanza ni kutochanganya mbio na wingi. Utazame mto wetu mkubwa wa Kongo. Penye Pool Malebo mto unapanuka zaidi ya kilometri 20, nao waenda polepole kama mzee baada ya chakula. Ukipita Kinshasa waingia kati ya mawe, wabanwa, wanguruma na kutoa povu. Je, maji yameongezeka? La. Ni maji yale yale. Mahali penye nafasi yaenda taratibu, mahali pembamba yakimbia, na kiasi kipitacho kwa kila sekunde ni kile kile. Kwa wastani mto huu wapitisha metri za ujazo 40,000 hivi kwa kila sekunde, yaani litri milioni 40. Hakuna mto mwingine duniani uushindao kwa wingi wa maji, isipokuwa Amazon. Katika mafuriko makubwa ya mwaka 1961 zilipita zaidi ya metri za ujazo 70,000 kwa sekunde.

Aliyeieleza wazi kanuni hiyo katika kitabu alikuwa mtawa, Mbenediktini wa Italia, jina lake Benedetto Castelli, mwanafunzi wa Galileo. Papa Urbano VIII alimwita Roma akamshauri katika mambo ya maji, na mwaka 1628 Castelli akatoa kitabu juu ya kupima maji yanayotembea. Kabla yake watu wengi walipima mto kwa upana na kina tu, wakasahau mbio zake. Castelli aliwaonyesha kwamba yapasa kuzidisha yote matatu: upana, kina na mbio. Na maji yakipita mahali pembamba, hayana budi kuongeza mbio.

Kimo husukuma

Jambo la pili ni kimo. Maji hayatembei bure. Lazima kitu kiyasukume. Katika bomba lishukalo mlimani, msukumo ni uzito wa maji yenyewe. Kila metri 10 za kimo hutoa msukumo wa kilo moja hivi juu ya kila sentimetri ya mraba. Toboa kopo tundu mbili zilizo sawa, moja juu na moja chini, kisha lijaze maji. Tundu la chini litarusha maji kwa nguvu zaidi, kwa kuwa limebeba maji mengi juu yake.

Torricelli, Mwitalia aliyefundishwa na Castelli yule yule, alieleza kanuni ya jambo hili mwaka 1644. Ukitaka maji yatoke tunduni kwa mbio mara mbili, haitoshi kuongeza kimo mara mbili; yakupasa kukiongeza mara nne. Kwa hiyo wale wanaosema “tuinue tangi kidogo, maji yatakuwa mara mbili” hujidanganya, tena hupoteza saruji.

Upana huruhusu

Jambo la tatu ndilo lenye nguvu kuliko yote, nalo ni upana wa bomba. Watu wengi hudhani kwamba bomba lenye upana mara mbili hupitisha maji mara mbili. Sivyo. Kwanza, tundu lake ni kubwa mara nne, si mara mbili: jaribu kuchora duara mbili utaona. Pili, maji yanayogusa ukuta wa bomba hukwama, nayo huyavuta nyuma maji ya jirani. Katika bomba jembamba karibu maji yote yako jirani na ukuta. Katika bomba pana, maji mengi hupita katikati kwa uhuru.

Katika miaka ya 1840 daktari Mfaransa, Poiseuille, aliyetaka kufahamu mwendo wa damu mwilini, alipima maji katika mirija ya kioo myembamba sana. Akaona kwamba mrija ukipanuliwa mara mbili, maji yapitayo huongezeka mara 16! Kanuni hiyo ni ya mwendo mtulivu, kama ule wa mirija midogo. Katika mabomba ya kijiji maji huzungukazunguka na kugongana ndani, basi ongezeko si mara 16, bali mara tano au sita. Hata hivyo ni kubwa mno. Mabomba mawili membamba hayawezi kulishinda moja lenye upana mara mbili. Mnunuzi wa mabomba na akumbuke jambo hili kabla ya kusifu bei rahisi.

Urefu, kutu na hewa

Jambo la nne ni safari yenyewe. Bomba refu huyachosha maji kama njia ndefu imchoshavyo mchukuzi. Na ukuta wenye kutu, chokaa au matope huyachosha zaidi.

Hapa tumtaje Henry Darcy, fundi mkuu wa mji wa Dijon, Ufaransa. Alizaliwa katika mji huo mwaka 1803, wakati wenyeji walipokunywa maji mabaya ya visima. Darcy aliongoza maji ya chemchemi ya Rosoir kwa mfereji wa chini ya ardhi wenye kilometri zaidi ya 12, yakitembea kwa mteremko tu, bila mashine yoyote. Maji yaliingia mjini mwaka 1840, kisha yakagawanywa kwa mabomba hata katika njia za watu maskini. Naye Darcy alikataa kulipwa ujira wa kazi hiyo. Baadaye alipima mabomba mapya na ya zamani, akathibitisha kwamba ukuta uliochafuka huzuia maji kupita ukuta laini. Tangu hapo mafundi hawasemi tu “bomba hili ni pana”, huuliza pia, “Ndani yake pakoje?”

Kuna na mwizi asiyeonekana, yaani hewa. Bomba likipanda kilima kidogo kabla ya kushuka tena, hewa hukusanyika pale juu na kuyabana maji kama kizibo. Ndiyo maana mafundi huweka pale kifungulio cha kutolea hewa. Na kuna mwizi anayeonekana lakini apuuzwaye: robine inayodondoka. Tuseme matone 20 ni mililitri moja. Tone moja kwa kila sekunde litapoteza litri zaidi ya nne kwa siku, na kwa mwaka bidoni 78. Maji yakimwagika hayazoleki.

Wepesi na mnato

Jambo la tano ni tabia ya kitu chenyewe. Maji, mafuta ya mawese na asali vyote hutiririka, lakini asali hujivuta kama mwenye usingizi. Tabia hiyo ya kushikamana huitwa mnato. Joto huupunguza. Kila mama wa milimani ajua kwamba mafuta ya mawese huganda katika asubuhi ya baridi, akayasogeza karibu na moto kabla ya kuyamimina. Hata maji safi yana mnato: yenye joto la digri 30 yana mnato usiofika nusu ya ule wa maji yanayokaribia kuganda.

Mtiririko uokoao roho

Wasomaji wasidhani kwamba haya ni mambo ya mafundi tu. Ndani ya kifua cha mtu mzima aliyepumzika, moyo husukuma damu litri tano hivi kwa kila dakika. Mishipa ikijipunguza upana, hata kidogo, damu huzuiwa sana, na moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi. Ile kanuni ya Poiseuille yatuonya.

Tena twende hospitalini. Muuguzi atundika serumu juu ya kitanda. Kwa nini juu? Kwa sababu kimo ndicho kisukumacho. Kwa nini ahesabu matone akitazama saa yake? Kwa sababu debi ndiyo dawa. Litri moja ikitakiwa kuingia kwa saa nane, na matone 20 yakiwa mililitri moja, basi ni matone 42 hivi kwa dakika. Jamaa wa mgonjwa asiguse kamwe kile kifungulio akidhani anamharakishia ndugu yake afya!

Lakini mgonjwa wa kipindupindu aliyekauka kabisa ana shida nyingine. Mtu mzima wa kilo 50 huhitaji litri moja na nusu katika nusu saa ya kwanza. Hapo hakuna kuhesabu tone kwa tone. Muuguzi hutafuta sindano pana, na pengine hutumia mikono yote miwili ya mgonjwa. Upana wa sindano waweza kutenga uhai na kifo. Sisi wa mashariki ya Kongo hatuhitaji kufundishwa jambo hili na wageni. Mwaka 1994, penye Goma, kipindupindu kiliua maelfu ya wakimbizi waliotoka Rwanda, hasa kwa sababu maji safi hayakutosha umati ule. Ziwa lilikuwa mbele ya macho yao, lakini maji salama ya kumfikia kila mtu kwa kila siku yalikosekana. Maji kuwapo ni jambo moja, na maji kuwafikia watu ni jambo jingine.

Mwisho wa ugomvi

Turudi kwa mwalimu wetu. Alilifuata bomba kutoka tangini, hatua kwa hatua, pamoja na vijana wa mitaa yote miwili. Urefu wote ulikuwa metri 600, na upana wa ndani milimetri 32. Walipofika penye kijito walikuta mahali palipobomolewa na mvua za masika. Halmashauri ilikuwa imetengeneza haraka, metri 60, kwa bomba la milimetri 16. Mhazini alisema kwa haya: “Lilikuwa rahisi. Tena ni kipande kidogo tu, sehemu moja ya kumi.”

Mwalimu akachukua kijiti akaandika mchangani. Bomba likipunguzwa upana nusu, na maji yale yale yakilazimishwa kupita, kila metri huyazuia maji mara 32 hivi zaidi. Basi metri 60 za bomba jembamba huzuia kama metri 1,920 za bomba la zamani. Ongeza metri 540 zilizobaki: ni kana kwamba robine imehamishwa mbali, kutoka metri 600 hata metri 2,460. Safari imekuwa ndefu mara nne. Na kwa kuwa ukinzani wa maji hupungua mara nne yanapoenda nusu ya mbio zake, maji yamejipatia mwendo wao mpya: nusu ya ule wa zamani. Ndizo sekunde 80!

Hakuna mwizi aliyepatikana, wala mchawi. Palipatikana mtu mwema aliyetaka kuokoa fedha za wote, lakini hakupima. Watu wa juu walichanga nusu ya bei ya bomba pana, watu wa chini nusu nyingine. Jumamosi walichimba pamoja. Jioni mwalimu aliweka bidoni yake chini ya robine, na watoto wakahesabu kwa sauti: thelathini na nane, thelathini na tisa, arobaini! Wale vijana waliookota mawe ndio waliobeba bidoni ya kwanza, wakampelekea mama wa wale watoto wagonjwa.

Wasomaji wapenzi, wazee wetu walisema kweli kwamba maji hufuata mkondo. Nasi tuifuate njia ya mwalimu huyu. Kabla ya kumshtaki jirani, tupime. Kabla ya kununua kilicho rahisi, tuhesabu. Uongo juu ya jirani nao ni maji machafu: ukiunywa kila siku, utakuharibu.

Zoezi kwa wanafunzi

Nendeni penye kijito kilichonyoka. Pimeni metri 10 kando yake, mtupe kijiti chepesi katikati, mhesabu sekunde. Tuseme ni sekunde 20: mbio ni nusu metri kwa sekunde. Pimeni upana, tuseme metri 2, na kina cha wastani, tuseme sentimetri 30. Zidisheni yote matatu, kama Castelli alivyofundisha: mtapata litri 300 kwa sekunde. Lakini maji ya chini na ya kando huenda polepole kuliko yale ya juu yaliyobeba kijiti, basi punguzeni sehemu moja ya tano: zabaki litri 240. Fanyeni hivyo wakati wa kiangazi, tena wakati wa masika, na mziandike hesabu katika daftari moja la shule. Siku kijiji kitakapotaka kujenga mfereji au kinu, daftari hilo litawafaa kuliko maneno ya wakubwa mia.